Masomo ya chuo kikuu: edi ya Lubumbashi inaishia wapi, sheria ya Kinshasa inaanzia wapi?

LUBUMBASHI – Kutoka Jengo la 30 Juni, katikati ya komini Lubumbashi, hadi kampasi ya Kasapa, taksi-basi haichukui muda mrefu njia ikiwa wazi. Ndani ya jengo hilo, ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa tamthilia wa mji, ndimo wabunge wa jimbo la Haut-Katanga wanamofanyia vikao vyao. Kasapa ndiko wanakosoma na kulala wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wale ambao mji mzima unawaita Kasapards.

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, malalamiko ni yale yale. Karo imepanda, au imebaki ile ile kwa dola huku franka ya Kongo ikishuka, jambo ambalo kwa mzazi ni kitu kimoja. Mabweni hayana maji. Maprofesa wametangaza mgomo. Wanafunzi na wazazi wanageukia walio karibu nao, yaani wabunge wa jimbo, na wabunge wanajibu kwa swali la mdomo, kwa hoja, kwa ahadi. Mara nyingi utasikia mtu akiuliza, katika kartie au redioni: kwa nini jimbo lenye shaba na kobalti lisitunge sheria yake lenyewe juu ya masomo ya juu?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu jibu lake si "haiwezekani", ingawa ndivyo watu wengi wanavyodhani. Wala si "inawezekana", kama baadhi ya wanasiasa wanavyoacha ieleweke wakati wa kampeni.

Katiba inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inagawa kazi kati ya serikali kuu na majimbo katika vifungu vitatu vinavyofuatana. Kifungu cha 202 kinaiachia Kinshasa peke yake kazi ya kuweka kanuni za elimu zinazotumika nchi nzima. Kifungu cha 204 kinayapa majimbo elimu ya chekechea, ya msingi, ya sekondari na ya ufundi, pamoja na kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, mradi kanuni za Kinshasa zifuatwe. Chuo kikuu hakimo katika orodha hiyo ya majimbo.

Lakini kipo katika kifungu cha 203, kile cha mambo ambayo serikali kuu na majimbo wanashirikiana. Humo imeandikwa kwamba kuunda shule za msingi, za sekondari, za juu na vyuo vikuu ni kazi ya pande zote mbili. Kwa hiyo bunge la jimbo, ambalo linatunga sheria kwa njia ya edi, lina haki ya kupiga kura ya kuanzisha taasisi ya masomo ya juu. Hapo ndipo mlango ulipo. Kifungu cha 205 kinaweka mpaka wake: edi ikipingana na sheria ya taifa katika mambo hayo ya pamoja, sehemu inayopingana inakuwa batili yenyewe, bila hata kungoja mtu aifute.

Tafsiri yake kwa mwanafunzi wa Kasapa ni hii. Wabunge wa Haut-Katanga hawawezi kubadilisha programu ya masomo, wala kuamua diploma ina thamani gani. Karo ya UNILU inafuata maelekezo ya mwaka ambayo waziri wa Elimu ya Juu na Chuo Kikuu anayatoa Kinshasa, na kamati ya usimamizi ya chuo inateuliwa kutoka huko huko. Mbunge anayesimama jukwaani kuahidi kwamba "tutapunguza karo ya UNILU kwa edi" anaahidi kitu ambacho hana mkononi.

Kwa nini Kinshasa inashikilia hivyo

Wengine watasema ni tamaa ya mamlaka tu. Historia ya chuo hiki inaonyesha jambo zaidi ya hilo.

Chuo kilifunguliwa Élisabethville katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo na Ruanda-Urundi. Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, kati ya 1960 na 1963, kikawa Chuo Kikuu cha Serikali cha Élisabethville. Yaani iliwahi kutokea kwamba utawala wa hapa ukawa na chuo kikuu chake, na kumbukumbu hiyo haijafutika Kinshasa. Mwaka 1971 Mobutu akakiunganisha na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani kuwa kitu kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Masomo ya fasihi na ya sayansi ya jamii yakaletwa Lubumbashi, na mengine yakapelekwa pengine. Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa na vyuo vitatu vikarudi, lakini mkono wa Kinshasa ukabaki.

Mkono huo haukuwa wa kanuni peke yake. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa sababu ya tukio hilo. Machi 2019 wanafunzi walitoka tena barabarani, safari hii kwa ajili ya maji na umeme, na tena watu walikufa kwa risasi. Maji na umeme: ndiyo mambo ambayo hayahitaji mageuzi yoyote ya katiba ili mtu ayashughulikie.

Sheria zipo, fedha ndizo hazifiki

Bunge la taifa, kwa upande wake, halijakaa bure. Sheria-mama ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1986. Tarehe 29 Desemba 2018 ikafuata sheria namba 18/038 juu ya hadhi ya wafanyakazi wa elimu ya juu, chuo kikuu na utafiti wa kisayansi. Ukisoma maandishi hayo utaona nchi inayojali maprofesa wake. Ukifuatilia migomo ya miaka iliyofuata, utawakuta maprofesa hao hao wakidai kitu kimoja: sheria hiyo itekelezwe, pamoja na makubaliano waliyotia sahihi na serikali huko Bibwa, Kinshasa. Si mara nyingi watu wanagoma ili sheria iliyokwisha kupigiwa kura ianze kufanya kazi.

Septemba 2021 Lubumbashi yenyewe ilipokea mkutano mkuu wa taifa juu ya elimu ya juu, chini ya waziri wa wakati huo, Muhindo Nzangi. Mwaka ule ule wa masomo, 2021-2022, vyuo vyote viliagizwa kuingia katika mfumo wa LMD: licence, master, doctorat. Wasomaji waliosoma zamani wanajua jinsi ilivyokuwa: miaka mitatu ya graduat, miwili ya licence, basi. Sasa licence ni miaka mitatu, yenye krediti 180, na ile miwili inayofuata ni master.

Kwenye karatasi hesabu ni ile ile, mitano na mitano. Nyumbani si ile ile. Mzazi wa Katuba au wa Kenya anayeuza unga sokoni alikuwa anajua kwamba mtoto wake akiitwa "licencié" kazi imekwisha. Leo mtoto anarudi na licence, mwajiri anauliza kama ni ya zamani au ya mpya, na akisikia ni ya mpya anauliza master iko wapi. Familia inarudi kutafuta franga za miaka miwili mingine. Waliofuata LMD tangu siku ya kwanza bila kurudia mwaka walifikia licence mwisho wa mwaka wa 2023-2024, kwa hiyo jambo hili si la kubuni, watu hao wako mjini wanatembea na bahasha zao.

LMD pia inadai vitu. Krediti inahesabu saa ambazo mwanafunzi anajifunza peke yake, katika maktaba, katika maabara, mbele ya kompyuta yenye intaneti. Mahali ambapo maktaba ni ndogo na umeme unakuja na kwenda, saa hizo zinabaki namba kwenye karatasi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo kosa kubwa la mageuzi yale: tarehe ya kuanza iliwekwa kwanza, vyombo vikaachwa vitafutwe baadaye.

Na msongamano bado haujafika. Elimu ya msingi ya bure ilianza Septemba 2019. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwezi ule, asiporudia hata mara moja, atafanya mtihani wa serikali mwaka 2031. Kundi hilo, kubwa kuliko yaliyotangulia, litafika kwenye malango ya Kasapa, ya ISP na ya ISTM baada ya miaka michache tu. Bunge litakalowapokea bado halijachaguliwa, lakini majengo ambayo watasomea ni lazima yaanze kupangwa katika bajeti za sasa.

Mahali ambapo jimbo lina nguvu

Turudi Jengo la 30 Juni. Edi yenye uzito kuliko zote ambazo wabunge wa jimbo wanazipigia kura ni ile ya bajeti. Ina namba nyingi, haina maneno matamu, na watu wachache wanaifuatilia hadi mwisho. Humo hakuna anayeweza kusema kwamba Kinshasa imefunga mikono ya jimbo, kwa sababu fedha za jimbo ni za jimbo kwa mujibu wa katiba.

Fedha hizo ni zipi? Kuna mgao wa asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo kifungu cha 175 cha katiba kinayapa majimbo, yaikate yenyewe pale pale yanapokusanywa. Tangu 2006 kifungu hicho hakijatekelezwa kama kilivyoandikwa. Kinshasa inakusanya, halafu inarudisha sehemu, kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Juu ya mgao huo wabunge wetu wanaweza kulalamika tu.

Mrabaha wa madini ni hadithi nyingine. Kodi ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo ambalo mgodi upo, 15 kwa komini, sekta au chefferie yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena sehemu ya jimbo inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya jimbo, bila kuzunguka Kinshasa. Ruashi, Kinsevere, Frontier kule Sakania, Kipushi ambako zinki imeanza kutoka tena: yote hiyo ni migodi ya Haut-Katanga. Mgawanyo wa mwaka 2015 ulitupokonya Kolwezi na utajiri wake, ambao sasa unahesabiwa Lualaba, lakini jimbo halikubaki mikono mitupu.

Basi tunaweza kufikiria mstari mmoja katika bajeti: sehemu ya mrabaha kwa ajili ya masomo ya juu ya serikali yaliyo katika jimbo. Kuna kizuizi cha kiufundi ambacho wabunge wanapaswa kukijua mapema. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 haipendi pato fulani lifungwe kwa matumizi fulani. Kila kitu kinaingia katika kapu moja, isipokuwa kwa njia maalum kama akaunti ya pekee. Edi itakayosahau hilo itarudishwa, na mwaka mzima utakuwa umepotea.

Basari au maji?

Sasa linakuja swali gumu kuliko la fedha zenyewe. Zipewe nani?

Jibu la haraka la mwanasiasa ni basari. Inaonekana, ina picha, ina mzazi anayelia kwa furaha, na jina la mtoaji halisahauliki. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda njia hiyo, na inafaa tuwaangalie. Katiba yao ya 2010 imeziachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na vyuo vikuu vimebaki kwa serikali kuu, karibu sawa na kwetu. Hata hivyo kaunti nyingi zilikuwa zinatoa basari hadi za chuo kikuu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, akazizuia: hakuna kaunti kulipia kazi ambayo si yake bila makubaliano ya maandishi na serikali kuu. Magavana wakalalamika, suala likafika mahakamani, na wanafunzi wakabaki katikati wakingoja. Mwezi mmoja kabla yake, Desemba 2024, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imetangaza mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ule wa mwaka 2023, kuwa kinyume cha katiba, na serikali ikakata rufaa. Tanzania ilichagua mkopo badala ya zawadi: sheria ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Mikopo nayo ina malalamiko yake, lakini mwanafunzi anajua angalau mlango wa kubisha.

Kwetu kuna sababu moja zaidi ya kuogopa basari ya jimbo. Mara tu ikianzishwa, mtu atauliza: ni kwa watoto wa nani? Wenyeji tu? Waliozaliwa hapa? Wazazi wao wakitoka Kasaï? Mji huu unajua maswali ya namna hiyo yalitufikisha wapi mwaka 1992 na 1993, na wazee wanakumbuka wakati wa UNAZA nafasi zilipokuwa zinagawanywa kwa mkoa. Kifungu cha 13 cha katiba kimelijibu waziwazi: katika elimu hakuna Mkongomani atakayebaguliwa kwa kabila, kwa asili ya familia, wala kwa mahali anapokaa. Hata mahali anapokaa. Maana yake basari iliyoandikwa "kwa wakaaji wa Haut-Katanga pekee" inaweza kushambuliwa mahakamani siku ya kwanza.

Kisima cha maji kwenye kampasi hakiulizi mtu anatoka wapi. Wala transfoma ya umeme, wala maabara ya kemia, wala barabara ya kufika darasani wakati wa mvua. Vitu hivyo jimbo linaweza kuvigharimia kwa mkataba na chuo, bila kugusa programu, diploma, wala karo. Vinawafaa Kasapards wote, na vinamwondolea mwanafunzi sababu ile ile iliyompeleka barabarani mwaka 2019. Havina picha nzuri sana, hilo ni kweli.

Kuna wanaosema hapana, jimbo litumie mlango wa kifungu cha 203 kwa ukamilifu na kuunda chuo chake. Wanataja kwamba matawi ya zamani ya UNILU kule Kolwezi, Kalemie, Kamina na Likasi yamekuwa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Lakini vyuo hivyo vimeonyesha pia jinsi ilivyo rahisi kupata jina la chuo kikuu na jinsi ilivyo vigumu kupata maprofesa. Mara nyingi ni wale wale wanaosafiri kutoka Lubumbashi, wakifundisha somo la mwaka kwa wiki mbili kisha wakirudi. Chuo kingine cha namna hiyo kitaongeza vibao barabarani kuliko wanafunzi walioelewa masomo.

Kanuni moja ya nchi nzima

Mtu asidhani, kwa hayo yote, kwamba kanuni za Kinshasa ni mzigo tu. Ndugu zetu wa Kivu wanajua upande mwingine. Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu Januari 2025, na Bukavu tangu Februari ya mwaka huo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma au wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu aliyekimbia, akitaka kuendelea Kasapa au Kisangani, ana kitu kimoja cha kumsaidia: krediti zake zilihesabiwa kwa kanuni ile ile. Kama kila jimbo lingekuwa na diploma yake, leo angekuwa anaanza upya. Waziri aliyeteuliwa mwaka 2024, Marie-Thérèse Sombo, ndiye mwenye kalamu ya kusema mwaka uliosomwa chini ya hali hiyo unahesabiwa vipi. Hakuna bunge la jimbo linaloweza kumfanyia kazi hiyo.

Kwa hiyo kikao cha bajeti kitakapofunguliwa tena Jengo la 30 Juni, hotuba juu ya vijana na elimu hazitakosekana. Mwenye mtoto Kasapa aulize mambo matatu kwa mbunge wake. Mrabaha ulioingia kwenye akaunti ya jimbo mwaka uliopita ulikuwa kiasi gani? Kuna mstari wowote wa UNILU, ISP au ISTM katika mradi wa edi ya bajeti? Na mstari wa mwaka uliotangulia, kama ulikuwepo, ulilipwa hadi franka ya mwisho au ulibaki kwenye karatasi? Swali la tatu linajibiwa katika edi ya hesabu za mwisho wa mwaka, ile ambayo kwa kawaida inapitishwa haraka, ukumbi ukiwa nusu mtupu.